Waya wa Veikko

Jumamosi, 28 Oktoba 2023

Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Daktari anasema moyo wangu huenda ukafika Krismasi. Amenikataza kahawa. Nimekunywa vikombe viwili.

Mjukuu wangu Saimi anajifunza kuendesha. Anafundishwa na mama yake, binti yangu Riitta — gari limefungwa breki ya pili upande wa mwalimu, na Riitta huikanyaga kama anaua mende. Leo wamefunga matairi ya misumari, ya kushikia barafu, uani. Saimi akakaza nati moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine. Nikagonga dirisha: kwa mkingamo, mtoto, hii kisha ya upande wa pili! Riitta akashangaa. "Mama, hujawahi kushika usukani, nati umezijulia wapi?" Gazetini, nikasema.

Uongo.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimecheka mpaka nikahitaji kidonge!

Saimi alijiandaa vizuri. Alikwangua barafu vioo vyote, si kitundu cha kuchungulia tu. Maji ya kioo yasiyoganda, koleo, blanketi — vyote. Gari lilikuwa limechomekwa kwenye umeme saa mbili nzima ili injini ipate joto. Akasahau kuchomoa! Waya ukanyooka — pwaa! — kisanduku cha plagi kikalala kwenye theluji.

Aliingia analia.

"Nyamaza, ni damu ya Babu yako," Riitta akasema. "Yeye aling'oa nguzo nzima ya plagi mbele ya duka."

"Basi mimi nusu Babu."

Wakacheka. Nikacheka. Usingizi wa mchana haukuja.

Alhamisi, 2 Novemba

Niandike kabla sijafa.

Februari 1971. Aliyeshika usukani ni mimi. Leseni sikuwa nayo. Nilishaanguka mtihani mara mbili, na mume wangu Veikko alikuwa akinifundisha kwa siri. Mimi, mwalimu mpya wa Kilatini, mkali, mwenye shule nzima mkononi! Tukiondoka dukani nikasahau kuchomoa waya. Nguzo ikatufuata.

"Sogea huku, Mwalimu," Veikko akaninong'oneza. Tukabadilishana viti. Watu walipotoka dukani alishuka, akavua kofia, akasema amesahau. Veikko — fundi umeme wa mji! Tangu siku hiyo akaitwa Veikko Mkia, kwa ile nguzo tuliyoiburuta nyuma. Mpaka kwenye mazishi yake mchungaji alikisimulia kisa hicho. Kanisa likaangua kicheko. Mimi, kiti cha mbele, nilicheka kuliko wote.

Hakunidai chochote. Ila kila majira ya baridi aliniuliza, kwa upole kabisa: "Umechomoa, Mwalimu?"

Jumamosi, 4 Novemba

Siku ya kuwawashia wafu mishumaa makaburini. Theluji tangu asubuhi. Fundi alirudisha kisanduku cha plagi jana.

Saimi amegoma kutuendesha huko, maana njia inapita mbele ya duka. Ati watamwita Mkia Mdogo.

"Twende," nimemwambia. "Nina neno kuhusu Babu yako. Nitalisema kaburini."

"Lisemee hapa, Bibi."

"Nataka na yeye asikie."

Amenitazama kama nimechanganya dawa.

Sasa niko kiti cha nyuma, mishumaa mapajani, daftari juu yake. Riitta amerudi ndani kutafuta kiberiti. Saimi anakagua kwa sauti: taa, vioo, mkanda. Anajisifu — leo hajasahau kitu!

Kupitia kioo cha mbele nauona waya. Umechomekwa.

Riitta huyo anatoka. Naweka kalamu. Lazima nimwambie Saimi yote mawili, la nguzo na la waya, na nianze na lile swali la Veikko.