Bomba Lililolaliwa na Udongo

Tarehe 9 Agosti, mwaka wa tatu tangu niwaage.

Kwako dada,

Barua hii nitaipiga picha nikutumie, maana kwenye simu nitalia. Huku tunalaza mabomba ya maji machafu. Mgongo unauma, nyapara ana mdomo uleule.

Uliponiambia mirija ya figo za Mama imeziba, nilikujibu kifundi: "Zibueni, ni kazi ya asubuhi moja." Nikataka awekewe mpira wa kupitisha mkojo, nami nije Desemba mkataba ukiisha.

Jana nimempata daktari wake kwenye simu. Kumbe mirija haijaziba kwa ndani, saratani ndiyo inayoibana kwa nje. Bomba lililolaliwa na udongo huwezi kulizibua, utasukuma waya mpaka uchoke.

"Kwa hiyo mpira ni kazi bure?" nikamuuliza.

"Utapunguza sumu ya mkojo mwilini. Lakini kwa mgonjwa aliyedhoofu hivi na asiyekula chakula, mara nyingi tunahesabu wiki, si miezi. Naweza kukosea, ila usikae huko ukingoja nikosee."

Nyapara kasema nikiondoka kabla mtaro haujafukiwa, nisirudi. Nikamjibu, "Mitaro iko tele, bosi. Mama ninaye mmoja."

Habari ya mpira muulizeni Mama mwenyewe. Akikataa, msimlazimishe kwa jina langu.

Lakini mwambie, hata ukimkuta amelala, mwambie sikioni: Desemba nimeifuta, nafika Jumapili.

Mdogo wako,
fundi bomba