Nilisema Tupu

Kaka Wasswa mpendwa,

Najua huko uliko barua haifiki. Nakuandikia hivyo hivyo, tena hadharani, kwa sababu uongo niliousema juu yako niliusema mbele za watu.

Unakumbuka siku Sir, tajiri wetu huku ughaibuni, alipotufungulia chumba cha bunduki zake? Mimi mtumishi wa ndani kutoka Malindi, wewe mlinzi uliyepitia jeshi la Uganda, na ukutani bunduki kumi na moja za askari wa Kifaransa wa zamani, alizozinunua moja moja kama matajiri wenzake wanavyonunua saa. Nilikataa hata kuzigusa, ukanicheka. Baada ya mwezi nilikuwa navipaka mafuta vitako vyake vya mbao zaidi kuliko nilivyopaka nywele zangu. Ile iliyochongwa jina la askari wake, Lucien, ukaifanya mume wangu. "Dada, shemeji hajambo leo?" uliniuliza kila mliporudi na Sir kutoka uwanja wa shabaha kule jangwani.

Ukanifundisha kanuni yako. Bunduki hizo hazina kifungo cha usalama, ulisema, kwa hiyo usalama ni sisi. Kabla ya kurudishwa ukutani, komeo lifunguliwe, kidole kiingizwe pale risasi inapokaa, na mtu aseme "tupu". Hapo ndipo ulipokuwa ukifunga komeo na kuvuta kifyatulio ili springi ilegee. Kidole chako kilikuwa kinene, hakikuingia. Changu cha mwisho kiliingia. "Wewe ndiyo macho yangu," uliniambia, nami nikajiona mtu.

Siku ile kesho yake ilikuwa Idi. Asubuhi nilikuwa nimepakwa hina saluni, mtaa wa Al Baraha, mpaka kwenye ncha za vidole, na nilitaka ikolee. Alasiri ukaniletea bunduki ya Lucien, komeo wazi. Niliitazama juu juu. Mafuta yangeniharibia hina.

"Tupu," nikasema.

"Umeweka kidole?"

"Tupu, kaka. Yalla, upesi, madam ananiita."

Uliniamini. Ukaisimamisha, kitako sakafuni, mtutu karibu na shingo yako, ukafunga komeo na kuvuta. Baadaye mkaguzi wa polisi alieleza kwamba risasi kuukuu ilikuwa imegoma kulipuka kule uwanjani, na komeo lilipovutwa ikanasa ndani. Mara ya pili haikugoma. Kidole kingeigusa.

Wakaniuliza nani aliyekagua. Nikasema, "Yeye mwenyewe." Hina yangu ilikuwa nzuri kabisa, haina hata doa. Wakaandika kwamba umekufa kwa uzembe wako, wewe uliyekuwa ukikagua gesi ya jikoni mara mbili kabla ya kutoka.

Sir ameziuza bunduki zote. Mimi niko mtaa wa International City, chumba cha watu sita, na kila Jumapili mkeo, Mama Joan, hunipigia simu. Ananiita dada. Binti yenu Joan hataki picha yako itundikwe sebuleni, anasema baba alijiua kwa ujinga. Mama Joan analia, nami nalia naye na kunyamaza. Najichukia, kaka. Sina neno la kulipamba hilo.

Jumapili iliyopita aliniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Kazi ya bunduki ilimtia hofu, akakusihi uiache. Ukamjibu, "Usiogope. Kuna dada wa Malindi anaweka kidole chake kabla yangu."

Nimeshamwandikia yote, na barua yake imetangulia hii. Kesho asubuhi nakwenda kituo cha polisi kuwaambia uzembe ule ni wa nani. Watakalonifanya na wanifanye. Sitaki hata Mama Joan anisamehe, nataka Joan aitundike picha.

Pumzika, kaka. Haikuwa tupu, na wewe hukukosea.

Dada yako wa Malindi