Mwaka wa Kwanza Hawana Mwalimu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Nanyala hatujambo, tunachuma kahawa, na bibi yako anakusalimu. Unalalamika kurasa tatu kwamba tangu uwe mkuu wa Idara ya Kiingereza, walimu wako wanakataa kufundisha mwaka wa kwanza. Yaani mpaka leo! Enzi zangu za ualimu, chuoni kwetu pia kila mmoja alitaka kufundisha riwaya. Kusahihisha insha za mwaka wa kwanza, hakuna aliyetaka. Tulibishana kikaoni asubuhi nzima: huyu anaumwa, yule ana msiba Tunduma. Tulipomgeukia mkuu wetu wa idara aamue, kiti kilikuwa kitupu. Sauti yake ilisikika chumba cha pili, anawafundisha hao wa mwaka wa kwanza.

Sasa wewe, mama, ulipokuwa unaniandikia yote haya, nani alikuwa nao darasani?

Babu yako