Wakulima Elfu Sifuri

Jumatatu, 6 Machi 1995
Kompyuta imegoma mara mbili kabla ya chai. Bwana Mkude, bosi wangu hapa ofisi ya kilimo, anataka idadi za wakulima zifupishwe. Siku hizi mbegu analeta mfanyabiashara, si serikali, naye anataka orodha ya ukurasa mmoja. Programu yangu: gawa kwa elfu moja, kadiria hadi namba nzima iliyo karibu, andika "elfu". Gairo, yenye wakulima 12,387, imekuwa elfu 12. Safi.

Jumatano, 8 Machi
Si safi. Sehemu moja ya Turiani ina wakulima 1,499: elfu 1. Jirani zao 1,501: elfu 2. Tofauti ni watu wawili! Nimemweleza bosi. "Makadirio ni makadirio, Rehema. Chapisha." Nimechapisha. Mwoga mimi.

Jumatatu, 13 Machi
Mama Kobelo, mwenyekiti wa wakulima wa kijiji kimoja cha mlimani juu ya Bigwa, ameshuka kwa miguu hadi ofisini. Lori la mbegu za maharage limewaruka. Dereva kamwonyesha karatasi yetu: elfu 0.
"Mwanangu, tuko mia nne themanini na sita. Nani katufuta?"
Nikasema ni mashine.
Mashine! Programu niliandika mwenyewe.

Jumanne, 14 Machi
Nimerekebisha kwa dakika kumi. Idadi ikiwa chini ya elfu moja, isigawanywe. Zilizozidi, desimali moja: wale wa Turiani sasa wote ni elfu 1.5. Dakika kumi tu! Bosi hataki kutuma orodha mpya, anaogopa kuchekwa. Mvua imeshaanza mlimani. Nimemfokea. Sijawahi kumfokea mtu mzima. Nikampelekea mfanyabiashara orodha mpya bila saini ya bosi.

Alhamisi, 16 Machi
Mfanyabiashara hakucheka. Ila mbegu zilizobaki zinatosha watu mia tatu. Lori limekwama kwenye matope, akina mama wa kijijini wakashuka kubeba mifuko kichwani. Bosi hanisemeshi. Nina hasira naye, na zaidi na nafsi yangu.

Jumapili, 19 Machi
Baada ya misa nimepanda mlimani. Nikamwambia Mama Kobelo kwamba haikuwa mashine, ni mimi. Akanipa jembe.
Mbegu wamegawana wote, kila nyumba kidogo. Nimechimba mashimo kwenye matuta mawili, yeye akifuata nyuma akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Ukungu ulipotanda akasema inatosha, twende tukale.