Anayeitika Mvua

Msambweni,
16 Mei 1999

Kaka yangu mpendwa Mulwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima hapo Mackinnon Road, pamoja na wifi na watoto. Mwili wangu haujambo. Mama naye anakula na anatembea, lakini hali yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tangu ndugu yetu Nzau azame akitoka kuwapeleka watalii kisiwani Funzi, na mwili wake usionekane, Mama huitika. Mvua ikigonga mabati, yeye husema, “Naam, mwanangu,” akafungua mlango na kusogea kando ili mtu apite. Nilimwambia kuwa ni mvua tu. Akanijibu kwa upole kwamba mvua anaijua tangu kabla sijazaliwa.

Nilikuwa nimeshaona jambo kama hilo, kaka. Uliponiuliza nasomea nini Uingereza nikakuambia hamira, ulicheka. Basi chembe ya hamira husikia habari nyingi. Harufu ya mwenzi ikiifikia, hurefusha mdomo kumwelekea. Chumvi ikizidi, hujikinga. Ajabu ni kwamba habari hizo mbili hupitia kwa mjumbe mmoja. Hazichanganyiki kwa sababu kuna protini za kiunzi: kila moja humshika mjumbe huyo pamoja na wenzake wa njia moja tu, ili ujumbe usipotee njia. Kule maabarani tulikuwa na chembe zilizoondolewa kiunzi cha upande wa chumvi. Wiki niliyopata habari za Nzau, nilizitia chumvi, nikachungulia kwenye hadubini. Zote zilikuwa zimerefusha midomo, zinamtafuta mwenzi. Katika sahani ile hapakuwa na mwenzi hata mmoja. Niliondoka pale, nikafunga safari ya kurudi kwa Mama.

Kwa hiyo niliamini kwamba majonzi yamevunja kiunzi ndani ya Mama, na mvua inapita njia ya Nzau. Nilimweleza hivyo jirani yetu Mwanapili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema huenda ni kweli, ila nikiitwa na nisiyemwona nisiitike kabla ya mwito wa tatu, kwani asiye mtu haiti mara tatu.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Alhamisi adhuhuri jua lilikuwa kali, hakuna wingu, Mama amelala. Nikaitwa kutoka uani, “Syokau!” Wajua ni Nzau peke yake aliyeniita kwa jina la bibi. Nikaitika papo hapo, kaka. Nikafungua mlango. Mchanga niliokuwa nimeufagia haukuwa na unyayo, na upepo ulikuwa umetulia kabisa. Nyuma yangu Mama alikuwa amesimama akilia kwa furaha, akisema, “Alhamdulillahi,” neno alilolizoea kwa majirani Waislamu, “na wewe umemsikia!”

Tangu siku hiyo mvua ikinyesha Mama hageuki. Ananitazama mimi, kwa maana sasa ninayeitwa ni mimi. Siwezi tena kukuambia kama kilichovunjika kiko ndani yangu, au kama mlangoni kuna mtu.

Tafadhali njoo utuchukue sote wawili. Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu. Mama anakuombea safari ya heri. Ila ukifika, kaka, usipige hodi wala usiniite jina. Mlango sijaufunga, usukume tu, uingie, nikuone uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kamene