Mutu aliyekula mbuzi zetu

Butembo, siku ya posho, ndiyo jumamosi. Mvua tangu asubui, na hata sasa haijaacha. Bulengera, mutaa yetu, yote iko matope, kitenge yangu inakauka juu ya moto. Niko na hasira bado, kidogo. Lakini mambo ya leo ni lazima niandike kabla haijapoa.

Tulipeleka chakula boloko, kwa gereza. Tangu vita ianze, serikali hailishi bafungwa, na hawa batu ya rebelion banaotutawala, nao habalishi. Mwenye jamaa analetewa. Asiye na jamaa anakufa polepole. Donc bamama ya shirika yetu ya parokia tunapika kwa zamu, kila posho. Leo zamu ilikuwa ya mavyara wangu, mama ya bwana yangu. Alipika sombe ya majani ya muhogo, maharagi na bugali ya kutosha.

Pale mulangoni kuko desturi: mwenye kupika anaonja mbele ya askari, sababu huku kwetu sumu inaogopwa kuliko risasi. Mavyara anaonja kila mara, tena anaonja sana, mpaka tunamucheka.

Sasa, ndani ya boloko kuko mutu mumoja tunamujua. Ni askari aliyetoka Equateur, jimbo ya mbali. Yeye na benzake ndio balivunja mulango yetu na kubeba mbuzi zote za mavyara. Hakufungwa kwa ajili ya mbuzi, hapana. Aligombana na mukubwa wake. Benzake balisonga upande wa Beni, bakamuacha. Hapa hana hata ndugu mumoja.

Niseme kweli: niliposikia amefungwa, nilifurahi. Batu ya kartié bote balifurahi. Huku mwizi akikamatwa, batu habaulizi kama amekula, banauliza nani iko na petroli. Bwana yangu, kabla ya kwenda Beni kufata bidhaa, alimuambia mama yake wazi kama chakula ya nyumba yake isipite kinywa ya ule jambazi. Mama akajibu ndiyo mutoto wangu. Halafu akapika.

Leo kapita, musimamizi ya bafungwa, alituambia kama ule askari ameacha kula. Si kwamba banamunyima, anakataa mwenyewe. Ameamini kama bamama Banande, batu ya kabila yetu, batamulipisha mbuzi kwa sumu. Kuonja kwa mulangoni hakumutulizi, sababu kwao balimuambia mwanamuke wa huku anaficha sumu chini ya ukucha, anaitia wakati wa kupakua. Nilimuona amekaa kwa ukuta, mikono imebaki mifupa. Bamama bengine balisema tumuache, amejihukumu mwenyewe. Na mimi niliwaza vile vile.

Mavyara aliweka nyungu chini. Aliomba wembe kwa kapita. Akasimama mbele ya ule mutu, mu mvua, akakata makucha yake mwenyewe yote mpaka kidole kikatoa damu. Akanawa. Akapakua bugali na sombe mu sahani moja, akakaa chini mu matope na kitenge yake ya misa, akaweka sahani katikati yao. Akamuambia achague upande.

Ule mutu akageuza sahani, akachagua upande uliokuwa kwa mavyara. Mavyara akala ule mwingine. Bado ule mutu hakugusa.

Ndipo mavyara akasema, na ile sauti anatugombesha nayo nyumbani:

"Mbuzi zangu ulikula bila kuogopa. Bugali yangu ndio unaogopa?"

Batu bakacheka, hata askari ya mulango. Yeye hakucheka. Alianza kulia, halafu akamega. Mavyara akawa anamuambia apunguze haraka, tumbo iliyokaa bure inauma.

Hakuomba musamaha. Na mavyara hakumuuliza.

Wakati wa kurudi, pale Kimemi, habari ilikuwa imeshafika sokoni mbele yetu. Muuzaji mumoja wa mafuta akatema mate, akasema tunalisha mutu atakayerudi na bunduki. Mavyara akamujibu kama ikiwa atarudi, heri arudi ameshiba. Akaendelea kutembea, mufupi vile, na nyungu kichwani. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilisikia fahari. Ee Mungu, ile mama!

Sasa amelala. Magoti imevimba kwa ile matope, sidhani atatembea mbali posho inayokuja.

Na posho inayokuja zamu ni yangu. Kapita ametuambia wakati tunatoka: ule mutu anaamini mikono ya ule mama mumoja tu. Ya bengine, hapana. Nikipeleka chakula na nikabaki kusimama pembeni, atarudi kwa ukuta yake. Na bwana yangu atakuwa amesharudi kutoka Beni. Nitamuambia nini?

Niko natazama makucha yangu. Marefu, mazuri, niliyapaka rangi kwa harusi ya mudogo wangu.

Nimeenda kwa kitanda ya mavyara, nimemuamsha, nimemuomba wembe.