Picha Uliyoniambia Nitupe

Mzee,

Mimi ni mzima, na juu ya hali yako sina wasiwasi, kwa sababu huko uliko angalau hakuna anayekugongea mlango akidai picha za harusi ya mwezi jana. Studio ingali wazi. Lile pazia ulilolichora kwa mkono wako, lenye ndege inayopaa juu ya mnazi, bado liko, na ndege bado ina bawa moja. Wateja wanasimama mbele yake wakiamini wako Mombasa.

Nakuandikia kwa sababu nina kosa la kukiri na nina habari njema, na sijui kipi kitangulie. Wewe ungesema, "Nabwire, anza na mwanga, mengine yatajileta." Basi naanza na mwanga.

Nimejifunza kamera isiyo na filamu.

Usigeuke humo kaburini, udongo ndiyo kwanza umeshika vizuri. Nakumbuka ulichosema siku tulipoiona ya kwanza, shingoni mwa yule mgeni wa misheni: "Kamera bila filamu ni ng'ombe bila matumbo. Atakula wapi?" Nilicheka nikakuunga mkono. Sasa nimemfuga ng'ombe huyo, na anakula diski. Unamsukumia ubavuni diski ile bapa ya kompyuta, unabonyeza, unamsikia akicheua, na picha imeingia. Hakuna dawa, hakuna chumba cha giza, hakuna kutundika kwenye kamba.

Si yangu lakini. Ni ya ofisi moja pale Malaba, ya watu wa kupitisha mizigo forodhani. Bosi wao aliinunua apige picha za makontena yaliyobonyea, ili lori likifika Kampala na shimo ubavuni asilaumiwe yeye. Ikakaa kabatini kwa kuwa hakuna aliyeiweza. Karani wao, Emojong', Mteso mmoja mrefu mwenye subira ya punda, alinikuta nikichungulia dirishani akasema, "Dada, si wewe ni wa studio? Ingia. Hii mashine inatudharau." Tukapatana. Mimi nawapigia makontena yao, na wakienda kula mchana wananiachia kompyuta, na mwisho wa juma wananiazima kamera niende nayo studio. Yote ninayojua nimeyajua kati ya saa saba na saa nane, moshi wa malori ukiingia dirishani na ugali wa Emojong' ukipoa pembeni, maana yeye hakwenda kula. Alibaki kutazama ninavyoharibu.

Utauliza nilitafuta nini huko na hali studio ninayo. Nilikuwa nakutafuta wewe.

Siku tuliyokuzika, mhubiri aliuliza picha ya marehemu iko wapi, iwekwe mbele ya watu. Tukatazamana. Mtu aliyepiga sura za nusu ya Busia hakuwa na hata moja yake mwenyewe. Kitambulisho kilikuwa kimeshapelekwa kwa chifu. Mwishowe tuliweka kamera yako juu ya jeneza. Na akina mama waliopita kukuaga, Mzee, kila mmoja alipofika mbele ya ile kamera alijinyoosha na kurekebisha kitambaa cha kichwa. Nilikuwa nalia, lakini hapo nilicheka, na waliokuwa karibu wakadhani ni uchungu umenizidi.

Matanga yalipokwisha ndugu yako Wandera akaanza kuja nyumbani kwako. Unaijua mila, sihitaji kukufundisha. Alikuja na wazee wawili, kofia mkononi, wakamwambia Mama, mjane wako, kwamba nyumba haikai bila mwenyewe, na kwamba Wandera yuko tayari kumrithi. Mama akawaambia nyumba ina mwenyewe. Wakasema watarudi mwaka ukitimia, siku ya kumbukumbu yako, wapewe jibu mbele ya ukoo mzima.

Baada ya hapo Mama akashuka mjini kutoka Sio Port na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakaa wima kama anayepigwa picha. "Nabwire," akasema, "nataka sura ya mume wangu ukutani, itazame mlango. Atakayeingia amwone mwenye nyumba. Mimi sitakuwa na maneno mengi."

Picha yako ilikuwepo, Mzee. Ninayo. Hilo ndilo kosa. Ni ile uliyoniambia nitupe.

Ilikuwa wiki yangu ya pili ya kujifunza kazi kwako. Uliketi kwenye kigoda ukaniambia nihesabu mpaka tatu nikupige. Nikahesabu, nikafika tatu, nikabonyeza. Ukafumba macho. Tena ulikuwa unacheka, kwa sababu ati nimeishika kamera kama kiazi cha moto. Tuliposafisha filamu uliinua ile negatifu kwenye taa ukasema, "Tupa. Macho yaliyofumba ni ya jeneza." Ndipo ukanipa siri: mtu akisikia tatu anafumba macho, kama anayengoja sindano, kwa hiyo mpiga picha huhesabu mpaka tatu lakini hubonyeza kwenye mbili. "Tatu ni yao," ulisema, "mbili ni yako." Mimi nilikuwa nimekuhesabia kwa uaminifu, na uaminifu ndio uliokufumba macho. Sikuitupa. Niliificha kwenye mkebe wa majani ya chai, na miaka yote hiyo ulikunywa chai hatua mbili kutoka usoni pako.

Basi nikaamua: kompyuta itakufumbua.

Niliichapa ile negatifu karatasini nikaiweka kwenye skana ya ofisi. Mara ya kwanza nilikuingiza kwa kipimo kidogo, nikakukuza, uso wako ukawa miraba mitupu kama ukuta uliobandikwa vigae. Mara ya pili nilikuingiza vizuri, halafu kifutio kikateleza, nikakufuta sikio. Ile kompyuta inasamehe kosa moja tu la mwisho; ukikosea mara mbili, la kwanza unazikwa nalo. Na mimi nilikuwa nimekosea mara mbili, kisha nikahifadhi juu ya ile nzima. Emojong' akaniuliza taratibu, "Kwani Mzee alikuwa na sikio moja?" Tangu siku hiyo natengeneza nakala kwanza, naharibu nakala, naiacha ya asili ilale.

Mwanga nao ulinisumbua. Nilipandisha wote kwa pamoja, ukawa kama umepakwa chokaa. Ilinichukua siku nyingi kujua kwamba unachagua mahali, unainua kivuli cha paji la uso peke yake, mashavu unayaacha. Nilipofika hapo nilisimamisha mkono. Kumbe ni ule mkono wako, ule uliokuwa ukiupunga chini ya taa chumbani gizani ili uso wa mtu usiungue. Walioiunda hiyo mashine walikuiga, na ruhusa hawakukuomba.

Wakati huohuo nilikuwa na balaa jingine. Kila mteja niliyempiga kwa kamera ya diski alitoka amefumba. Nilifuata siri yako, nikabonyeza mbili, na wote walitoka kama wako kwenye maombi. Mama mmoja muuza ndizi, Mganda kutoka upande wa pili wa mpaka, alinikemea, "Nnyabo, unanipiga tupu! Filamu iko wapi?" Nikamwonyesha sura yake kwenye kioo cha nyuma. Akaitazama. "Basi rudia. Huyo amekufa." Ndiyo hali yetu siku hizi: zamani mtu alingoja wiki nzima akapokea alichojaliwa, sasa anajiona hapohapo na hakuna anayejipenda. Lakini yule mama alinifungua akili. Hii kamera ukiiamuru inafikiri kwanza. Ukibonyeza mbili, inapiga tatu. Kwa hiyo sasa nabonyeza moja. Siri yako bado inafanya kazi, ila imebidi iamke mapema.

Sasa macho. Nilihitaji macho yaliyo wazi yanayofanana na yako, na kumbukumbu ikiwa imebaki wiki mbili, nani akaingia studio kupigwa picha ya pasi ya kuvukia mpaka? Wandera. Baba mmoja, mama mmoja, nyusi zilezile. Nikamkata macho, nikayabandika kwako, nikalainisha kingo. Yakakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Emojong' alisimama. "Dada, mzee amefufuka!" Nilivimba kichwa, Mzee. Nikaichapa, nikaitia fremu, nikaipeleka nyumbani siku hiyohiyo.

Mama alikuwa anageuza omena juani. Akanawa mikono, akaipokea, akatazama. Akaendelea kutazama. Halafu akaigeuza, uso ukaelekea tumboni mwake, akaifunika na leso.

"Nabwire. Huyu ni nani?"

"Ni Mzee, Mama."

"Mzee ni kuanzia pua kwenda chini. Pua kwenda juu ni shemeji yangu." Akanitazama vile anavyotazama paka karibu na samaki. "Nimemkataa mlangoni mwaka mzima, wewe umemwingiza kwa fremu."

Natamani ungekuwepo. Hapana, kama ungekuwepo ungenifukuza kazi. Nilitaka ardhi ipasuke. Mwanamke huyu alikuwa ameomba kitu kimoja tu, sura ya kumlindia nyumba, na mimi nimemletea macho ya yuleyule anayebisha hodi, yamwangalie asubuhi na jioni akinywa chai. Tena nilikuwa nimeyachukua bila kumwuliza mwenyewe. Wewe hukuwahi kumfuta mteja kovu kabla hujamwuliza, hata kwa ile penseli yako nyembamba.

Nikamweleza yote. Nikatoa kwenye bahasha picha ya asili niliyokuwa nayo ya kulinganishia, ile ya kutupwa, nikamwambia ni hii tu iliyopo na imeharibika, amefumba macho.

Mama akaiinua. Nikaona midomo yake inatikisika, nikasema moyoni nimekwisha, nimemliza mjane. Alikuwa anacheka.

"Huyu ndiye," akasema. "Akicheka macho yalikuwa yanaondoka. Akicheka macho wazi nilijua anadanganya wageni."

"Lakini Mzee mwenyewe alisema macho yaliyofumba ni ya jeneza."

"Mzee alijua kamera. Mimi nilimjua Mzee."

Kwa hiyo nikarudi Malaba na nikafanya kidogo sana, na hicho kidogo ndicho kigumu kuliko vyote. Nikainua kivuli. Nikautoa waya wa taa uliokuwa umekutoka kichwani kama pembe. Kovu la kidevuni nilimwuliza. "Liache," akasema, "nilikuwepo likipatikana." Na yale macho nikayafuta kwenye diski, nikahakikisha Wandera ametoka na pasi yake na kila alichokuja nacho.

Siku ya kumbukumbu ukoo ulijaa mpaka uani. Wazee waliingia sebuleni, kofia mkononi, na wewe ukawapokea ukutani, mkabala na mlango, umekenua, macho hayapo. Mzee Okumu, ambaye ndiye mkubwa wao sasa, alibaki amesimama akikutazama, akakutaja kwa jina.

"Egesa anacheka nini?"

Mama alikuwa anapita na sinia. Hakusimama hata. "Mwulizeni. Nyumba ni yake."

Wandera alikuwa ameketi chini yako kabisa. Akageuka kukutazama, akageuka kumtazama Mama, na nikaona jambo ambalo ningeliona mapema kama ningekuwa mwanafunzi mzuri. Alianza kucheka, na macho yakaondoka. Yakazama kabisa kama yako. Nyinyi wawili hamfanani macho mkiwa mmeyafungua. Mnafanana mkiyafumba.

"Shemeji, basi," akasema akijipangusa. "Huyu mtu hata akifa hashindiki. Nipe mchuzi." Mzee Okumu akaweka kofia kwenye goti, na habari ile haikurudiwa, si siku hiyo wala mpaka leo ninapoandika. Wandera bado huja. Huja kurekebisha paa, anakunywa chai, anaondoka.

Baadaye nikawapanga wote uani nikawapiga kwa ile kamera ya Malaba. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza kwenye moja, na watu wote walitoka macho wazi, Wandera akiwa mzuri kuliko anavyostahili.

Watu wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitazimika. Emojong' anaogopa, mimi siogopi. Negatifu yako imerudi kwenye mkebe wa chai.

Nikuage sasa, mteja amefika, anachana nywele mbele ya ndege yetu ya bawa moja. Pumzika, Mzee. Nakuahidi mambo mawili. Sitamvisha mtu macho ya mwingine tena, hata akiniomba. Na siku yangu ikifika, hakuna atakayehangaika kuweka kamera juu ya jeneza langu. Picha yangu iko tayari, Mama ameitundika chini ya yako. Niliketi kwenye kigoda chako nikampa Emojong' kamera yako ya filamu, akaishika kama kiazi cha moto. Nilimwambia ahesabu mpaka tatu. Ile siri ya kubonyeza mapema sikumwambia.

Wako,
Nabwire